Mmea usiomo katika kitabu cha mimea ya nchi: je, picha zinatosha?

Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Kando ya kijito nimeukuta mmea wa jamii ya mikunde unaofika magotini, wenye maua ya njano yaliyopigwa mistari ya hudhurungi na maganda yaliyotuna, ambayo yakishakauka mbegu hulia ndani yake kama kayamba. Sina shaka kwamba ni ndugu wa marejea, yaani jenasi ya Crotalaria, lakini nimeutafuta mara tatu katika kitabu cha mimea ya nchi na kila mara nimekwama. Je, picha nilizopiga zinatosha kutangaza kwamba haujawahi kurekodiwa nchini?

Jibu la kwanza

Hazitoshi, na hata kabla ya picha, kishuku kwanza kitabu. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo 700, nyingi zikiwa za Afrika, na jina lililotumika kitabu kilipochapishwa huenda leo ni kisawe tu cha jina jingine. Kisha nenda hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ukapekue majalada ya jenasi nzima, yakiwemo ya sampuli zisizotambuliwa, kwa kuwa si ajabu mmea wako ulikwisha kukusanywa zamani ukabandikwa jina la mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mimea ya tropiki huenda zina majina yasiyo sahihi.

Jibu la pili

Spishi za marejea hutenganishwa kwa mambo madogo mno: namna ilivyojipinda ncha ya zile petali mbili za chini zilizoungana mfano wa mtumbwi, vijani vidogo vilivyo kwenye kikonyo cha ua, na nywele za ganda. Ua likibanwa bapa mengi ya hayo hupotea, kwa hiyo tia maua machache kwenye spiriti, na tawi lenye maua na maganda ulikaushe kati ya magazeti unayoyabadilisha kila siku. Andika mahali, mwinuko, tarehe na rangi ya maua ambayo itafifia. Nimewahi kuletewa sampuli nzuri ajabu iliyoandikwa «kando ya njia» na si zaidi, haikunifaa kitu.

Jibu la tatu

Nakubaliana na wenzangu, ila hesabu mimea kabla ya kukata, kwani ikiwa ni michache, tawi moja linatosha na mizizi iachwe. Zaidi ya hayo, spishi iliyo mpya kwa nchi si lazima iwe mpya kwa sayansi. Ikiwa ina jina tayari, huhitaji sampuli ya kielelezo, ile ambayo jina jipya hufungamanishwa nayo, wala maelezo rasmi ya kuipa jina. Unachapisha taarifa fupi inayotaja sampuli yako na hebaria inamohifadhiwa. Swali gumu ni asili yake. Baadhi ya marejea hupandwa kurutubisha udongo, na mbegu husafiri na maji, kwa hiyo usiuite mmea wa asili kabla hujatazama upande wa juu wa kijito, maji yanakotoka.

Mwuliza swali

Nimerudi leo nikahesabu mimea kumi na mmoja, yote upande mmoja wa kijito. Hatua mia mbili juu yake pana shamba lililoachwa, nami sikuwa nimelitilia maanani. Nimechukua tawi moja, na kesho nitaanzia huko shambani kabla ya kwenda hebaria.