Mtu akizidiwa na wasiwasi, tumwambie nini zaidi ya "mwachie Mungu"?

Mwanajumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumuiya yetu ina waliopunguzwa kazini, wenye mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kali, na mama anayeuguza. Mtu akileta ombi, jibu ni lile lile: "Mwachie Mungu, usiwe na wasiwasi." Wiki inayofuata anarudi na mzigo ule ule, na safari hii ana aibu juu yake, kwa kudhani imani yake ni haba. Naomba mnaofanya ushauri wa kichungaji mniambie: kumwachia Mungu kunafanywaje, hatua kwa hatua? Mahubiri ninayo ya kutosha.

Mzee wa Zamu

Asifiwe sana, kiongozi. Anza na hiyo aibu, maana ndiyo inayomfunga mtu mdomo. Paulo aliyeandika "msijisumbue kwa neno lo lote" (Wafilipi 4:6) ndiye aliyesema kila siku anajiwa na "maangalizi ya makanisa yote" (2 Wakorintho 11:28), na kwa Kiyunani maneno hayo mawili yana shina moja. Kwa hiyo kuiwaza kodi ya nyumba si dhambi. Shida ni wazo linalozunguka pale pale bila kufika kwa Mungu wala kwa mwenye nyumba.

Sasa utaratibu. Karatasi na kalamu, dakika 15, jioni kabla ya chakula. Si kitandani, kitanda kikigeuka ofisi ya madeni, usingizi unahama. Wasiwasi uandikwe kwa tarakimu. "Maisha magumu" ni vigumu hata kuyaombea. "Kodi 150,000, mfukoni 60,000, zimebaki siku 12" linaombeka.

Kisha achore mstari katikati ya karatasi. Wagalatia 6 aya ya 2 inasema "mchukuliane mizigo", halafu aya ya 5 inasema kila mtu atalichukua "furushi lake mwenyewe". Kushoto aandike furushi, yaani lililo ndani ya uwezo wake, pamoja na siku na saa: "Jumatano saa 10 jioni, kwenda kwa mwenye nyumba na 60,000, kuomba wiki mbili kwa 90,000 iliyobaki." Aende kabla tarehe haijafika; mdaiwa anayejileta husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Kulia aandike mzigo: kama mwenye nyumba atakubali, kazi itapatikana lini. Huo wa kulia ndio wa kumtwika Bwana (1 Petro 5:7), mmoja mmoja, kwa kuutaja, sauti ikisikika. Amalizie na shukrani tatu za siku hiyo hiyo. "Nimeamka mzima" huwa mazoea tu. "Jirani kanipa unga kilo mbili" ndiyo shukrani. Karatasi ikunjwe, iwekwe ndani ya Biblia mpaka kesho saa ile ile. Wazo likimwamsha saa 9 usiku asianzishe mkesha. Aseme, "Hili liko kwenye karatasi, Bwana, unalo," basi.

Panapoharibika: wengi huhamishia yote kulia na kuita imani, simu ya mdai hawapokei. Wengine huweka yote kushoto, hawalali. Na wengi zaidi huyapima maombi kwa kuangalia kama hela imeingia. Soma Wafilipi 4 aya ya 7: kilichoahidiwa pale ni amani itakayowahifadhi mioyo, na neno lililotumika ni la askari wa lindo. Filipi ulikuwa mji wenye wanajeshi wastaafu wa Kirumi, walielewa. Lindo huwekwa wakati hatari bado iko nje.

Askari wa Maombi

Yote sawa, lakini mambo mengine hayatoki bila kufunga. Mpeni siku tatu kavu, hata maji asinywe, pamoja na sadaka maalumu ya kuvunja madeni. Hofu itakimbia.

Muuguzi wa Parokia

Hapo napinga, mtumishi. Mtu asiyelala wala kula vizuri hafungishwi kavu. Mwenye kisukari anayetumia dawa sukari inaweza kushuka akaanguka, mwenye vidonda vya tumbo anaumia, na mjamzito wala tusijadili. Rudi 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mti wa mretemu anaomba kufa. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Mkate uliookwa juu ya makaa, gudulia la maji, analala, anaamshwa mara ya pili ale tena, "maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ndogo ya utulivu inakuja baadaye kabisa. Utaratibu ndio huo: chakula, usingizi, halafu mazungumzo.

Kwa usingizi: chai ya rangi na kahawa ziishie saa 8 mchana, simu ikae mbali na kitanda, saa ya kuamka iwe moja kila siku hata kama alichelewa kulala. Moyo ukianza kwenda mbio, akae, avute pumzi kwa hesabu ya 4 akisema moyoni "Acheni, mjue", aitoe kwa hesabu ya 6, "ya kuwa Mimi ni Mungu" (Zaburi 46:10). Mara kumi. Kutoa pumzi polepole kuliko kuivuta ndiko kunakotuliza mapigo. Akivuta kwa pupa atapata kizunguzungu na kudhani anakufa.

Wiki mbili zikipita bado halali, hali, hawezi kazi, apelekwe hospitali. Tezi ya shingo na upungufu wa damu navyo huleta mapigo ya kasi, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Asiache dawa anazotumia eti ameombewa. Akisema "bora nisingekuwepo", muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa ziondolewe nyumbani, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Mwanajumuiya

Nashukuru sana. Na yule aliyemkasirikia Mungu, shukrani hazimtoki? Halafu kwenye kikao chenyewe tufanyeje?

Mwalimu wa Zaburi

Huyo usimpe Zaburi 23 kwanza, mpe ya 13. Ina aya 6 tu. Aya 1–2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne, bila kuomba radhi. Aya 3–4 ni ombi: "uangalie, uniitikie." Aya 5–6 ni tumaini. Aandike yake kwa mpangilio huo: "hata lini" nne za kwake, ombi moja, na kwenye tumaini aandike hata mstari mmoja wa jambo ambalo Mungu aliwahi kumtendea. Akishindwa, aache wazi. Zaburi 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia.

Kikao kiwe na watu 6 hadi 8, kila mmoja dakika 5. Asome mzigo wake, aliye kuliani kwake auombee huo huo kwa dakika moja, bila kuongeza mafundisho. Ushauri utolewe ukiombwa. Wiki inayofuata usimuulize "unaendeleaje na imani?" Muulize, "Jumatano ulikwenda kwa mwenye nyumba?" Kama hakwenda, mtu amsindikize. Na majina yasiingie kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa ujumbe wa sauti wa maombi. Habari za deni la mtu zikishasambaa, hakuna atakayefungua mdomo tena.

Mzee wa Zamu

Niguse na hilo la sadaka. Anayedaiwa asikope ili atoe. Mjane wa 2 Wafalme 4 alimwendea Elisha wakati mdai anakuja kuchukua wanawe wawili. Elisha hakumtoza kitu. Alimuuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Akataja chupa ya mafuta, akatumwa kuazima vyombo kwa majirani, "wala usitake vichache". Mwisho agizo likawa: uza mafuta, lipa deni, kinachobaki kuleni. Kwa kausha damu fanyeni vivyo hivyo: orodhesheni kila mkopo, kiasi, riba, tarehe. Wenye riba kali zaidi uanze kulipwa, mingine iombewe muda, na asichukue mkopo mpya kulipa wa zamani. Jumuiya ikiwa na mfuko, ilipe moja kwa moja kwa mdai na ichukue risiti.