Naomba ushauri kuhusu vyeti vya usalama wa taarifa: nianze na Security+, cha ngazi ya mwanzo, au nisubiri CISSP, cha wenye uzoefu?

Habari zenu. Nimehudumu miaka miwili katika kitengo cha kompyuta cha chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kisumu, na tangu akaunti za wanachama wetu watatu zivamiwe kwa nywila zilizoibwa, jambo lililoniuma sana, nimeazimia kusomea usalama wa taarifa. Cheti cha CISSP hudai tajriba ya miaka 5 katika angalau nyanja 2 kati ya 8 za usalama wa taarifa kinazozipima, ingawa shahada inayohusika huweza kupunguza mwaka mmoja. Security+ haina sharti hilo, lakini huhitaji kuhuishwa kila baada ya miaka 3. Naegemea Security+. Je, mliopitia njia hii, nijisomee nyumbani jioni, au nijinyime nilipie darasa Nairobi?