Naombeni ushauri: natengeneza gemu ya pinboli kwa kuiga meza ya kweli, goroli inapenya flipa

Kijana_wa_Ubungo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Budapest mwaka wa pili sasa, nasoma kompyuta. Huku kuna makumbusho ya pinboli, yako chini ya ardhi. Unalipa kiingilio mara moja, halafu unacheza mpaka vidole viume, na mashine zimepita mia. Kwa asiyezijua: ni lile sanduku refu la miguu minne lenye kioo juu. Ndani kuna goroli ya chuma, na wewe una vitufe viwili tu ubavuni vya kurusha vile vibao viwili vya chini, ndiyo flipa, ili goroli isidondokee shimoni.

Nimenasa kwenye moja inaitwa Attack from Mars, ya kampuni ya Bally, 1995. Katikati kuna kisahani cha viumbe wa anga, kila ukikilenga kinatikisika. Nimeenda Jumamosi nne mfululizo kwa ajili yake tu. Basi nikasema naitengeneza kwenye Godot, ile injini ya kutengenezea gemu, ichezeke kwenye simu, ifanane na yenyewe kila kitu: michoro, sauti, mahali pa kila raba.

Nimekwama hapa. Goroli ikija na kasi inapita katikati ya flipa kama vile flipa haipo. Na hata isipopenya haina uzito, inaelea kama mpira wa mezani. Nikiongeza mvutano inaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Halafu jamaa wa darasani kanitisha na mambo ya hakimiliki. Mimi naona mashine ya miaka 30 haina mwenyewe tena. Au nakosea?

Mpenda_Pweza

Umenikumbusha mbali. Ile pinboli ya anga iliyokuja na Windows XP, kafe ya intaneti Magomeni. Nilitumwa kuandika barua ya kazi, nikarudi nyumbani sina barua wala nauli.

Usijione mjinga lakini. Raymond Chen wa Microsoft aliwahi kueleza kwa nini gemu ile haikuonekana tena kwenye Windows Vista iliyofuata: walipoihamishia kwenye mfumo wa biti 64, goroli ikaanza kupenya vitu. Ukianza tu mchezo inapita hadi kwenye kile chuma cha kuirushia, inatoka nje ya meza. Msimbo ulikuwa wa kampuni nyingine, wa miaka mingi na hauna maelezo, kosa wakashindwa kuliona. Kwa hiyo ugonjwa wako una ukoo mkubwa.

Bibi_Vekta

Kaka, Godot ukiiacha kama ilivyo inapiga hesabu za fizikia mara 60 kwa sekunde. Goroli iliyopigwa vizuri inaweza kwenda mita 5 kwa sekunde. Gawa mwenyewe: kila hatua inaruka sentimita 8 na ushei. Goroli yenyewe ina kipenyo cha milimita 27. Hatua hii iko mbele ya flipa, hatua inayofuata iko nyuma yake, na injini haikuona mgongano wowote kwa sababu kwa hesabu zake haukutokea.

Sasa swali. Flipa unaizungushaje? Unaandika tu kwamba sasa iko nyuzi kadhaa?

Kijana_wa_Ubungo

Ndiyo dada, nabadilisha pembe moja kwa moja. Kitufe kikibonyezwa iko juu, kikiachiwa iko chini.

Bibi_Vekta

Ndipo tatizo la pili lilipo, na ndilo kubwa. Kwa injini, flipa yako haina mwendo. Ilikuwa chini, imekuwa juu, hapo katikati hakuna kilichotokea. Goroli ikikutwa njiani inasukumwa kando kwa sababu vitu viwili haviwezi kukaa sehemu moja, lakini haipokei kasi ya flipa. Kwenye meza ya kweli, kasi inayopewa goroli inategemea imegusa wapi: karibu na mhimili inapata kidogo, karibu na ncha inapata nyingi. Ustadi wote wa kulenga uko humo. Mchezaji anasubiri goroli iteremke juu ya flipa, akibonyeza mapema inaenda upande huu, akichelewa kidogo tu inaenda ule.

Ipe flipa kasi ya mzunguko, na kila goroli inapogusa chukua kasi ya uso wa flipa pale pale ilipogusa. Halafu ongeza hatua. Visual Pinball, ile programu ya wapenzi wa mambo haya iliyopo tangu 2000, inapiga hesabu mara 1000 kwa sekunde, na msimbo wake uko wazi. Kausome, usiunakili.

Kijana_wa_Ubungo

Nimeweka 1000. Haipenyi tena! Ila simu ya mwenzangu niliyojaribia imechemka mpaka ameidai.

Bibi_Vekta

😂 Umeongezea dunia nzima. Mwenye haraka ni goroli na flipa peke yao. Taa, alama na michoro ziache kwenye 60. Kisha badala ya kuuliza "goroli iko ndani ya ukuta?", chora mstari kutoka ilipokuwa hadi inapokwenda, uliza "itagusa nini kwanza, na lini?". Isogeze hadi hapo, igonge, endelea na muda uliobaki. Huhitaji hata 1000.

Kuhusu kuelea: mvutano umekisia, sivyo? Usikisie. Meza za miaka ya 90 hulazwa kwa mwinamo wa nyuzi 6.5 hivi. Chukua 9.81, zidisha kwa sine (ile ya hesabu za pembe) ya nyuzi 6.5, unapata 1.11. Lakini goroli inabingirika, haitelezi, na kubingirika kunakula sehemu ya nguvu: zidisha tena kwa 5 gawanya kwa 7, unabaki na 0.79. Duara lako la Godot halijui kwamba linabingirika juu ya ubao, lazima ulifanyie hesabu wewe. Ukiiachia sentimita 50 itumie sekunde 1.12. Pima.

Fundi_Deira

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Dubai, kazi yangu ni kutengeneza mashine za michezo kwenye maduka makubwa. Pinboli zimepita mikononi mwangu chache, lakini zimenifunza.

Kijana, huyo dada amekupa hesabu safi, mimi nakupa mafuta na vumbi. Fungua meza uitazame kwa chini. Flipa inavutwa na koili (waya uliozungushwa, unavuta ukipata umeme) yenye nyuzi za namna mbili. Moja nene, yenye nguvu, ya kupigia. Nyingine nyembamba, ya kushikilia tu flipa ikishafika juu. Mwisho wa safari kuna swichi ndogo, ikiguswa ule wa nguvu unakatwa, la sivyo koili inaungua na utasikia harufu yake kabla hujaona moshi. Kwa hiyo flipa ina maisha mawili, na gemu yako nayo iwe nayo: kupiga ni nguvu, kushikilia ni ulaini. Wajuzi hubonyeza goroli inapokaribia kugusa ili ife pale pale juu ya flipa. Ukiweka nguvu moja mwanzo mwisho, hilo halitawezekana kamwe.

Pia koili ikipata joto inalegea. Mchezo mrefu, flipa zinachoka, na rampu, yaani ile njia ya mwinuko, uliyokuwa unaipanda kirahisi unaanza kuishia katikati.

La tatu: umeweka mdundo mmoja kwa kila kitu? Naapa umeweka. Raba mpya inarusha goroli, raba kongwe imekauka kama ukoko wa wali. Chuma cha kuongozea njia hakirudishi kitu. Na raba ikipigwa polepole inarudisha sehemu kubwa ya kasi, ikipigwa kwa nguvu inarudisha sehemu ndogo. Mtu akikosea hapo goroli inakuwa chizi, inadunda kila pembe. Ndiyo huko kuelea unakokusema. Goroli ya kweli ni gramu 80 za chuma, ina heshima yake.

Mzee_wa_Kanzu

Samahani wanangu, hii si ndiyo zile mashine za kubahatisha zilizojaa vibandani? Naona vijana mnaisifia tu.

Mpenda_Pweza

Shikamoo mzee. Swali lako waliuliza hata New York, wakaipiga marufuku miaka ya 1940 kwa hoja hiyohiyo. Na zamani walikuwa na haki, maana flipa hazikuwepo. Unarusha goroli, unabaki kuomba dua. Flipa zilikuja 1947 na mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Marufuku ya New York ikaondolewa 1976, baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kwenda kucheza mbele ya madiwani na kutaja kabla goroli itapita njia ipi. Ikapita.

Mzee_wa_Kanzu

Marahaba. Haya, endeleeni.

Wakili_Asiyelala

Narudi kwenye hakimiliki, maana naona wote mmeikwepa.

Mleta uzi, miaka 30 si kitu. Hataza (haki za uvumbuzi) za vifaa vya wakati ule kwa kawaida ni miaka 20, hizo zimekwisha. Lakini michoro, muziki, sauti na programu iliyo ndani ya mashine ni hakimiliki, bado iko hai na itakuwa hai ukiwa na wajukuu. Jina ni alama ya biashara. Wazo la "piga kisahani mara kadhaa kilipuke" halina mwenyewe, ila kisahani chao kilivyochorwa kina mwenyewe. Tena meza uliyochagua haijasahaulika: mwaka 2017 mashine yenyewe ilitengenezwa upya Marekani, na 2018 watengeneza gemu Zen Studios wakaitoa kidijitali kwa leseni. Unajua ofisi zao ziko wapi? Budapest. Unapanda nao tramu moja.

Soma yaliyowakuta kampuni ya FarSight na gemu yao ya meza za kweli, The Pinball Arcade. Wale walikuwa na leseni halali. Mwaka 2012 walichangisha umma ili tu kulipia meza ya Twilight Zone, yenye jina la kipindi cha televisheni, kwa sababu meza ya aina hiyo ina wenye mashine na wenye jina la kipindi, kila mmoja na bei yake. Katikati ya 2018 leseni ya meza za Williams na Bally ikaisha, na meza hizo zote zikaondolewa sokoni. Kazi ya miaka, na kampuni nzima nyuma yake. Wewe uko peke yako na simu ya kuazima.

Ukiitengeneza ujifunze, ikabaki kwenye kompyuta yako, sioni wa kukusumbua. Ukiiweka dukani, hata bure, umejitafutia barua.

Chenga_za_Mchele

Tengeneza ya daladala! Konda, abiria, trafiki. Kisahani unaweka kituo cha Mwenge.

Kijana_wa_Ubungo

Kila nikisema natengeneza kitu mtu ananiambia daladala. Nimepanda daladala miaka kumi, sitaki kuipanda tena kwenye simu.

Wakili, nimesoma jibu lako nikalala nalo vibaya. Nimefuta folda ya michoro na sauti. Ilikuwa wiki tatu za kazi.

Bibi_Vekta

Fizikia hujaifuta?

Kijana_wa_Ubungo

Hapana dada. Narudi.

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu, zimepita wiki mbili. Mrejesho.

Nilimkuta fundi wa makumbusho kafungua meza moja, kioo kimetolewa, anabadilisha raba. Nikamwomba, kwa Kihangari changu cha kuombea mkate, aniache niweke goroli juu niiachie. Nilirekodi kwa simu, fremu 240 kwa sekunde. Sentimita 50 zilichukua sekunde 1.15. Yangu ilikuwa 0.95, nilisahau ile 5 kwa 7. Flipa kutoka chini hadi juu ni fremu sita, yaani sekunde 0.025. Kwa hatua zangu 60 za mwanzo kipigo chote kilikuwa kinaisha ndani ya hatua moja na nusu. Hata ningekuwa goroli ningepenya.

Raba nimezipa mdundo unaopungua kadiri kipigo kinavyozidi, chuma nimekinyima karibu wote. Mzee wa Deira, nimeweka na joto la koili, nikalitoa. Walionijaribia walidhani simu imeganda.

Meza ni yangu sasa. Njia nimezichora upya kwenye karatasi, kisahani hakipo. Mandhari sijachagua, kwa sasa ni mistari ya kijivu tu na goroli nyeupe.

Jana usiku goroli iliteremka upande wa kulia, nikabonyeza mapema kidogo nikashikilia. Haikudunda. Iligusa flipa, ikatambaa kidogo, ikatulia pale pembeni, bado inazunguka. Niliishikilia hivyo kama dakika nzima, naitazama tu.

Fundi_Deira

Mashallah. Tuma nijaribu. Na usisahau ule mlio wa "tok!" mtu akishinda mchezo wa bure. Ni koili inagonga ubao wa sanduku, kaurekodi mwenyewe, gonga hata kabati.

Mpenda_Pweza

Tuma na kwangu. Nina barua ya kazi ya kuandika.