Laphroaig 10, Lagavulin 16 au Ardbeg 10: ipi nimpelekee baba mkwe?

Mangi wa Glasgow
Wakuu, heshima kwenu. Desemba nateremka Moshi na nataka kumchukulia baba mkwe chupa moja ya wiski ya maana. Nasema moja kwa sababu forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri lita moja ya pombe kali bila ushuru, na hizi chupa ni mililita 700. Mzee ni mtu wa Black Label tangu namfahamu, na soda kidogo. Safari hii aonje wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, haijachanganywa na ya mahali pengine. Nimebakiza tatu, zote za kisiwa cha Islay huko Scotland, viwanda vyao vimefuatana kwenye barabara moja inayotoka Port Ellen. Nishaurini.

Kijiti Kikavu
Ardbeg, hakuna mjadala. Kimea chake kina fenoli, zile kemikali zinazoleta ladha ya moshi, sehemu 55 hivi kwa milioni. Laphroaig ni 40 na kitu, Lagavulin 35 hivi. Mtu anakwenda Islay kufuata moshi, sasa kwa nini achukue pungufu?

Jaluo Mpole
Niaje wadau. Laphroaig inanuka Dettol, sitawaficha. Mimi naipenda hivyohivyo, lakini kwa mkwe? Mzee atafikiri umemletea dawa ya kidonda.

Bibi Mapipa
Kijiti mwanangu, hizo namba zinapimwa kwenye kimea, si kwenye glasi. Shayiri ikishaota inakaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza vinamasini, wanaouchimba, wakauanika na kuuchoma kama kuni. Kipimo kinachukuliwa hapo. Kuja kupikwa kwenye mitungi ya shaba, sehemu kubwa ya huo moshi inabaki nyuma. Tena Ardbeg kwenye mtungi wa pili wana bomba linalorudisha mvuke mzito chini ukapikwe upya, ndiyo maana pamoja na 55 zake bado unakutana na limau na utamu. Halafu kuna miaka: Lagavulin imelala pipani 16, wenzake 10, na moshi hupungua makali kadiri wiski inavyokaa.

Na kama mnadhani ladha inanakiliwa kwa namba, mtazameni Peter Mackie, yule bwana wa chapa ya wiski ya White Horse aliyekuwa na Lagavulin. Alikuwa pia wakala wa kuuza Laphroaig. Mwaka 1907 uwakala ukamponyoka, akapandwa na hasira, watu wake wakaziba kwa mawe mkondo wa maji wa Laphroaig. Mahakama ikaamuru maji yarudishwe. Aliposhindwa huko, mwaka 1908 akajenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wa Lagavulin, kikaitwa Malt Mill, kwa lengo moja tu: kutoa Laphroaig yake mwenyewe. Akanyakua hadi wafanyakazi wa jirani. Kiwanda kiliendelea mpaka 1962 na Laphroaig haikutoka hata siku moja. Majirani hao, kisiwa kimoja, moshi uleule!

Kijiti Kikavu
Shikamoo Bibi. Hadithi tamu, lakini Ardbeg ina kilevi asilimia 46 na haichujwi kwa baridi, yaani haipozwi na kuchujwa mafuta yanayobeba ladha. Lagavulin 43, na Laphroaig 10 ya madukani Uingereza ni 40. Hilo nalo utalipinga?

Bibi Mapipa
Marahaba. Hapo silipingi, Ardbeg inakupa zaidi kwa pesa yako. Tena tushukuru ipo, maana kiwanda kilifungwa 1981, kikafufuka kwa kuchechemea, kikafungwa tena 1996, hadi kampuni ya wiski ya Glenmorangie ilipokinunua 1997. Ila zawadi haipimwi kwa asilimia.

Mangi wa Glasgow
Bibi, nimesahau kusema mzee alikuwa mwalimu wa historia. Atauliza maswali kabla hajafungua kizibo.

Bibi Mapipa
Basi kwa maswali Laphroaig ndiyo yenye utajiri. Ilianzishwa 1815 na ndugu wawili, Donald na Alexander Johnston. Lakini mtu wa kumsimulia ni Bessie Williamson. Alifika 1934 kupiga chapa ofisini, kibarua cha msimu wa kiangazi tu. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, akapata kiharusi, mama akashika usukani hatua kwa hatua, na Hunter alipofariki 1954 akamwachia kiwanda. Katibu wa muda akawa mmiliki, wakati wanawake wenye kazi hiyo Scotland walikuwa hawaonekani kabisa. Akastaafu 1972.

Jaluo Mpole
Hiyo story mpe mzee kwa mdomo, chupa iwe Lagavulin. Black Label yenyewe ina moshi kidogo, sehemu yake inatoka kiwanda cha Caol Ila, hukohuko Islay. Kwa hiyo mzee moshi anaujua tayari, tofauti ni kwamba huku umekolea. Lagavulin ina utamu wa matunda yaliyokaushwa chini yake, itampokea vizuri. Laphroaig inakupiga kofi kwanza, salamu baadaye.

Bibi Mapipa
Naunga mkono. Lagavulin 16 kwa mkwe. Laphroaig kajinunulie wewe.

Mangi wa Glasgow
Imepita, Lagavulin. Na soda yake?

Bibi Mapipa
Mwombe glasi ya kwanza ainywe bila soda, matone machache tu ya maji ya kawaida. Ya pili usimwingilie, chupa ni yake.

Kijiti Kikavu
Nimeshindwa kwa kura, si kwa hoja. Mangi, ukiinunua mjini usiibebe mkononi uwanja wa ndege, wanaweza kuichukua pale kwenye ukaguzi. Izungushie sweta, iingie begi la chini.