Askari walale shuleni au wakae mbali?

Mwalimu wa Umoja: Wenzangu, nilifundisha miaka minne kaunti ya Garissa kabla ya kuhamia hapa Nairobi. Askari waliokuja kutulinda dhidi ya al-Shabaab, wale wanamgambo wa Somalia, walipiga hema nyuma ya darasa la sita. Siku ya kwanza tulishukuru. Wiki mbili baadaye wazazi wakaanza kuwabakiza watoto nyumbani, maana anayetaka kumpiga askari sasa atapiga shule. Azimio la Shule Salama lilitolewa Oslo Mei 2015, na Kenya inaliunga mkono: wenye silaha wasitumie shule. Mimi nasema walinde barabara na kijiji, lakini wasilale shuleni. Mnaonaje?

Kariobangi Kusini: Karatasi ya Oslo haizuii risasi, mwalimu. Mwezi mmoja kabla ya hiyo Mei, Chuo Kikuu cha Garissa kilikuwa na walinzi wawili tu. Watu 148 wakauawa. Recce, kikosi maalum cha polisi, walisafirishwa kutoka huku Nairobi wakati watoto wa watu wanakufa. Pangekuwa na kambi pale, tungekuwa tunaongea mengine.

Mwalimu wa Umoja: Garissa ilikosa askari wa kufika haraka. Hema chini ya dirisha la darasa ni jambo lingine kabisa.

Kijana wa Pangani: Kule Ukraine, mjini Kharkiv, watoto wanasoma kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi tangu Septemba 2023. Mwalimu yuko nao huko chini. Hapa kwetu tuseme ukweli, walimu mlikimbia. Mtoto wa Mandera hakukimbia, hana pa kwenda.

Mwalimu wa Umoja: Hilo neno ulirudishe. Novemba 2014 basi lilisimamishwa likitoka Mandera, watu 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu wanaenda likizo nyumbani. Umewahi kufunga begi la likizo hujui kama utafika? Kharkiv wamejengewa madarasa. Sisi tulijengewa nini?

Kariobangi Kusini: Si walikuwa 36?

Mama Wawili, South B: 36 ni wale wa machimbo ya mawe, siku kumi baadaye. Msichanganye maiti za watu jamani.

Kariobangi Kusini: Sawa mama, nimekosea. Lakini kuna jambo watu wanaogopa kulisema. Wenyeji huwa wanajua. Mgeni hapiti kijijini bila kuonekana, ila watu wananyamaza mpaka mwalimu wa bara afe.

Binti wa Eastleigh: Nimesoma kimya tangu asubuhi lakini hapa hapana. Desemba 2015, al-Shabaab walivamia basi lingine la Mandera. Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016 hospitalini hapa Nairobi. Alikuwa Mwislamu, mwenyeji, na alikuwa mwalimu! Huyo naye alinyamaza?

Kariobangi Kusini: Dada, Salah Farah namheshimu. Lakini mmoja si wote.

Binti wa Eastleigh: Na wanaonyamaza, ndio wote? Mtu akimpigia chifu simu usiku, nani anamlinda yeye kesho yake? Ninyi mnalala mmefunga geti la ploti na mlinzi yuko nje.

Kijana wa Pangani: Mwalimu, neno nimelirudisha. Hasira yangu ni kwamba watoto wamebaki peke yao. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, huko Garissa, TSC, tume inayoajiri walimu, iliwahamisha wasio wenyeji. Suluhisho lilikuwa kuondoa mwalimu, si kuondoa hatari. Wafunzwe vijana wa kule kule, hata wapunguziwe alama za kuingia chuo cha ualimu.

Mama Wawili, South B: Wapunguziwe? Yaani mtoto wa Wajir apewe mwalimu ambaye wewe hungemkubali kwa wako? Mimi nakataa. Walipiwe mwaka mmoja zaidi wa masomo, wafike alama ileile.

Kijana wa Pangani: Na huo mwaka mmoja, darasani anasimama nani?

Binti wa Eastleigh: Najua anayesimama. Mdogo wangu yuko gredi ya nane, kaunti hiyohiyo ya Garissa. Anayewafundisha hesabu amemaliza kidato cha nne mwaka juzi, na ana madarasa matatu. Anajitahidi sana. Hana kitabu cha mwalimu, anaazima cha mwanafunzi.

Mwalimu wa Umoja: Mimi bado nasubiri jibu la hema. Lakini dada, vitabu vyangu vya hesabu ninavyo, vyenye majibu. Ni vya mtaala wa zamani, ila akisami hazijabadilika. Basi la Garissa siku hizi linaondoka hapo Eastleigh saa ngapi?