Tupeane uzoefu: kompyuta na vifaa vijavyo viwe na nini, na ni kisa gani kilichokufanya ukitake

Mleta mada

Ndugu wadau, habari za wakati huu. Kila mwaka watengenezaji hutuambia kwamba kizazi kipya cha kompyuta kina kasi kuliko kilichotangulia, kwamba skrini inang'aa zaidi na umbo limezidi kuwa jembamba, na mara nyingi wanasema kweli. Hata hivyo, ukiwasikiliza watu wanaoshinda mbele ya kompyuta kutwa nzima, ni nadra kumsikia mmoja wao akilalamika kwamba mashine yake ni nene. Malalamiko yao huwa ni ya mambo mengine kabisa. Naomba basi tupeane uzoefu: ungependa vifaa vijavyo viwe na nini, na ni tukio gani lililokufanya ukitake? Sharti ni moja, kwamba asije mtu na orodha tupu. Kila takwa liambatane na kisa chake, kwa sababu kisa ndicho kinachoonyesha kama kasoro iko kwenye kifaa, kwenye programu, au kwenye matumizi yetu wenyewe.

Naanza mimi. Ninachotaka ni kompyuta mpakato ambayo nikiifunga inalala kweli. Niliwahi kuifunga yangu jioni betri ikiwa imejaa, nikaitia begini, na asubuhi nilipopenyeza mkono nikakuta begi zima lina joto, feni inavuma na chaji imebaki kiduchu. Kwa miaka mingi kompyuta zilikuwa na hali ya kulala ambayo wahandisi huiita S3, ambamo prosesa huzimwa, karibu kila kitu hukatiwa umeme, na kinachoendelea kulishwa ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi inayoendelea, ili kazi uliyoiacha uikute ilivyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na zaidi baada ya Windows 10, watengenezaji wengi wamehamia kwenye mfumo unaoiga simu: mashine husinzia tu huku ikiendelea kupokea barua pepe na kupakua masasisho. Wazo lenyewe si baya, lakini simu ilibuniwa kwa maisha hayo tangu mwanzo, ilhali kwenye kompyuta inatosha draiva moja kaidi, yaani programu ndogo inayoendesha kipande kimoja cha mashine, kuifanya mashine ikeshe ndani ya begi lisilopitisha hewa. Kinachoudhi zaidi ni kwamba katika modeli nyingi mpya S3 imeondolewa kabisa, kwa hiyo hakuna mahali pa kuirudisha. Natamani swichi ya kugusika ubavuni mwa mashine, nikiibonyeza niwe na hakika kwamba hakuna kitakachoamka hadi niiamshe mwenyewe.

Fundi

Mleta mada, kabla sijaleta langu, fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike powercfg /a, kisha mashine itakutajia aina za kulala inazozikubali na zile isizozikubali. Kama S3 haimo, tumia ile hali iitwayo hibernate, ambayo yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski na umeme ukakatwa kabisa. Kuamka kunachelewa kidogo, lakini begi halitapata joto.

Sasa langu. Nafanya kazi ya kutengeneza kompyuta, na takwa langu litaonekana dogo: nataka kebo iseme inaweza nini. Aliwahi kuniletea mteja diski ya nje akidai kwamba imechoka, maana kunakili mafaili kulimchukua muda usiovumilika. Niliipima diski nikaikuta nzima. Nilipobadilisha kebo, kazi iliyokuwa ikimla nusu siku ilikwisha kabla hajamaliza kunisimulia matatizo yake. Kebo aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya kuchajia simu, nayo kwa upande wa data iliishia kwenye megabiti 480 kwa sekunde, yaani kasi ya USB 2.0 iliyotangazwa mwaka 2000. Kebo nyingine yenye kichwa kilekile cha USB-C inaweza kupitisha gigabiti 40, na zipo zinazofika 80. Kwenye umeme ni vivyo hivyo: za kawaida huishia wati 60, nyingine hubeba hadi wati 240. Ziweke mbili mezani kando kwa kando, hata mwenye macho makali hataona tofauti.

Umbo la kichwa tumeshalipata, na Umoja wa Ulaya umelitia katika sheria, kwani tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu na tabuleti mpya zinazouzwa huko na kuchajiwa kwa waya lazima zikubali USB-C, na kwa kompyuta mpakato sharti hilo limewekewa tarehe 28 Aprili 2026. Shirika linalosimamia USB nalo limetoa nembo za kuonyesha wati na kasi, lakini kebo nyingi zinazouzwa hazina nembo yoyote. Jambo linalonishangaza ni kwamba kebo zenye uwezo mkubwa zina chipu ndogo ndani ya kichwa, na chipu hiyo huieleza mashine uwezo wa kebo kila inapochomekwa. Taarifa tayari imo ndani ya mashine. Kilichobaki ni mtu wa kuiandika kwenye skrini kwa sentensi moja: kebo hii ni ya wati kadhaa na kasi kadhaa, nayo ina kasi ndogo kuliko diski uliyochomeka.

Mtumiaji asiyeona

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu sisi huulizwa mara chache, na tunapoulizwa huwa kifaa kimeshatoka kiwandani.

Mimi hutumia kompyuta kwa kisoma skrini, yaani programu inayonisomea kwa sauti kilichopo mbele yangu. Programu hizo zimekomaa. JAWS ilianza katika enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na NVDA, ambayo ni ya bure, ilianza kuandikwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Tatizo langu ni kwamba zote huamka baada ya mfumo endeshi, kama vile Windows, kuamka. Kabla ya hapo kuna ulimwengu mwingine, ule wa mipangilio ya bodi mama, yaani ubao mkuu ulio ndani ya mashine, na ulimwengu huo ni bubu.

Siku moja baada ya kubadilishiwa diski, kompyuta yangu iliwashwa ikanyamaza. Nilisikia feni, nikagusa kibodi, na hapakuwa na sauti. Kwa anayeona, skrini huenda ilikuwa imeandika wazi kwamba haijui ianzie diski ipi, na kwamba mtu achague ya kwanza au ya pili. Kwangu hiyo ilikuwa mashine iliyokufa. Ilinibidi nimpigie simu ya video mwenzangu wa kazini, nikaishika simu mbele ya skrini huku akiniambia niisogeze kushoto, nirudi nyuma, niinamishe kidogo mwanga unaakisi, halafu anisomee mstari mmoja baada ya mwingine huku mimi nikibonyeza mshale. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza vitufe vichache. Wakati wote huo spika zilikuwemo ndani ya mashine, chipu ya sauti ilikuwemo, na nafasi ya kuhifadhi sauti chache zilizorekodiwa ilikuwemo. Hakuna sababu ya kiufundi ninayoiona ya kuzuia mipangilio hiyo kuzungumza. Kompyuta za mezani za zamani walau zilipiga milio ya hesabu maalumu ya kukujulisha kama kasoro iko kwenye RAM au kwenye kadi ya picha, lakini mpakato nyingi za sasa hazina hata hiyo.

Takwa la pili ni kwamba mnapowaandikia watengenezaji, tuteteeni vitufe. Kitufe cha kubonyea kina mahali pake, nami nakifahamu kwa kidole, na ndiyo sababu F na J zina vile vijistari vilivyoinuka ambavyo ninyi pia huvitumia bila kufikiri. Kitufe cha kugusa kilichochorwa juu ya kioo hakina pembe wala kina, na kidole kinachokitafuta ndicho kinachokiwasha.

La tatu ni skrini ya nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, yenye mistari mingi. Zilizozoeleka zina mstari mmoja, tuseme wa seli 40, na kila seli ina nukta 8, kwa hiyo ni vipini 320 ambavyo kila kimoja huinuliwa na kipande chake kinachojipinda kikipitishiwa umeme. Ndiyo maana bei yake hupanda kuliko kompyuta yenyewe. Zenye mistari mingi zimeanza kuonekana, lakini bado ni za wachache. Kusoma jedwali la hesabu kwa mstari mmoja mmoja ni kama kutazama picha ya ukutani kupitia tundu la ufunguo, kwani unazijua tarakimu zote bila kujua ipi iko chini ya ipi.

Fundi

Ndugu, hilo la mipangilio kuzungumza sikuwahi kulifikiria, na nimefungua mashine nyingi. Naongeza tu kwamba baadhi ya bodi za mezani bado zina pini za kuunganishia kispika cha milio, na kispika chenyewe ni kidogo na rahisi kukipata. Hakitakusomea kitu, ila kitakuambia kama mashine imefika kwenye kuanza au imekwama kabla.

Mkalimani

Langu ni fupi. Nafanya ukalimani katika mikutano ya mtandaoni, na kwa muda mrefu niliamini kwamba intaneti ndiyo inayoniangusha, kwa sababu hedifoni zangu za Bluetooth hutoa muziki mzuri, lakini mkutano ukianza na kipaza sauti kikafunguka, wasemaji wote wanageuka kuwa kama wanaongea ndani ya pipa. Chanzo ni kwamba Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya kusikilizia muziki na nyingine ya mazungumzo, na ile ya mazungumzo ina sauti iliyobanwa mno. Mfumo mpya wa LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, umekusudiwa kuondoa hali hiyo, lakini sharti hedifoni na kompyuta zote mbili ziukubali, na kwenye maboksi neno hilo mara nyingi halionekani. Nataka boksi linieleze sauti itakuwaje nikiwa naongea. Hadi hapo nitaendelea na waya.

Mhasibu

Mimi naomba betri inayotolewa bila gundi. Padi ya kugusia ya kompyuta yangu ilianza kugoma kubonyea upande mmoja. Nikadhani ni vumbi. Baadaye nikagundua kwamba nikiiweka mashine juu ya meza inayumba, na kwamba ukingo wa padi umeinuka kuliko ukingo unaouzunguka. Betri ilikuwa imevimba ikaisukuma kutoka chini. Mashine yenyewe haikusema neno, ila asilimia za chaji ziliendelea kuonekana kama kawaida. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikiwekwa kwenye joto huku zimejaa pomoni, na kompyuta inayokaa mezani ikiwa kwenye umeme siku nzima huishi hivyohivyo. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Nashauri uwe umewashwa tangu kiwandani, na anayetaka asilimia 100 kwa safari auzime mwenyewe. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mwenye kifaa kuanzia Februari 2027, ingawa ina vighairi vyake, kwa hiyo huenda gundi ikaanza kupungua hata kwa sisi wengine.

Tahadhari kwa atakayekutana na hali kama yangu: usiitoboe wala usiibonyeze irudi. Zima, chomoa, umpelekee fundi.

Mtafiti wa nyanjani

Naomba kutofautiana na mleta mada. Mimi hubeba kompyuta mgongoni kwa mwendo mrefu, na kwangu wembamba na wepesi si mbwembwe. Nikiambiwa nichague kati ya mashine nzito inayofunguka kwa matengenezo na nyepesi isiyofunguka, nitachukua nyepesi, na nadhani tuko wengi ambao hatuandiki malalamiko kwa sababu tumeridhika.

Hata hivyo, nina dukuduku moja. RAM ya mashine yangu imechomelewa kwenye bodi mama, kwa hiyo nilipohitaji kuchakata ramani kubwa kuliko nilizozizoea, njia pekee ilikuwa kununua kompyuta nyingine. Wanaotetea uchomeleaji wana hoja, kwani RAM ya aina hiyo hukaa karibu na prosesa, hutumia umeme mdogo na huruhusu kasi kubwa. Desemba 2023, shirika la viwango la JEDEC lilichapisha kiwango cha CAMM2, ambacho ni kipande cha RAM kilicholala bapa na kufungwa kwa skrubu, na kimo aina inayotumia chipu zilezile za umeme mdogo. Yaani wembamba na kufunguka vinaweza kukaa nyumba moja. Natamani kiwango hicho kikienea kisiishie kwenye mashine za bei ya juu tu.

Fundi

Hapo nakuunga mkono, ingawa mgongo wako umekufanya uwasamehe watengenezaji mapema mno.

Mwandishi wa ripoti

Nina moja ambalo hakuna aliyeligusa. Kompyuta yangu ya mezani ilianza kukataa kila tovuti, kivinjari kikidai kwamba muunganisho si salama, na barua pepe nazo zikagoma kufunguka. Nilihangaika na ruta, nikabadilisha nywila, nikaondoa kinga ya virusi na kuirudisha. Hatimaye jicho langu likatua pembeni mwa skrini nikaona kwamba mashine inaamini tuko miaka mingi nyuma. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi mama, ile ya CR2032 inayoifanya saa itembee mashine ikiwa imechomolewa, ilikuwa imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kwa kompyuta iliyorudi nyuma kiasi hicho, vyote vilikuwa havijaanza kutumika.

Ninachotaka si saa bora zaidi. Mashine inayojua toleo la mfumo wake na tarehe ya sasisho lake la mwisho ina kila sababu ya kushtuka ikijikuta inaishi kabla ya tarehe hiyo. Inapowashwa na kuona hivyo, iandike tu kwamba betri ya saa imekwisha, itaje aina yake, na ionyeshe kwa mchoro mahali ilipo kwenye bodi.