Mjadala: Shahada ya fizikia inalipa, au tunajifariji?

Wadau, kila msimu wa kuchagua kozi unapofika hoja hii huibuka upya: "Usisome fizikia tupu, nenda uhandisi. Fizikia ni kuteketeza ada, mwisho wake kushika chaki." Upande wa pili nao hujibu kwa majina ya wakubwa: Angela Merkel, chansela wa zamani wa Ujerumani, alisoma fizikia Leipzig, Elon Musk, tajiri wa Tesla, ana shahada ya fizikia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaikwepa hesabu.

Majina hayatuchukui muda. Musk alisoma uchumi pia. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alianza na fizikia pale chuo cha Princeton, Marekani, akaiacha akahamia uhandisi wa umeme na kompyuta. Mtu mmoja aliyetajirika hakuambii chochote kuhusu waliokaa naye darasani.

Tuje kwenye gharama. Ukimuuliza mtu shahada inagharimu kiasi gani, atakutajia ada. Anasahau mshahara ambao angekuwa anaupokea kwa miaka yote anayokaa chuoni, na mara nyingi huo ndio mzigo mkubwa. Chukueni namba za mfano tu: asiye na shahada analipwa 100 kwa mwaka, mwenye shahada 140, ada ni 50 kwa mwaka. Kozi ya miaka 4 inakula 600, yaani ada 200 na mishahara iliyoachwa 400. Nyongeza anayoipata baadaye ni 40 kwa mwaka, kwa hiyo harakaharaka utasema miaka 15 hela imerudi. Sasa ichukulie ile 600 kama deni, weka riba ya asilimia 5 kwa mwaka kuanzia siku ya kuhitimu. Mwaka wa kwanza riba peke yake inameza 30 kati ya zile 40, na deni linaisha baada ya miaka 28 na ushee!

Kozi ikiwa ya miaka 3, kama ilivyo katika nchi nyingi za Ulaya, gharama inashuka hadi 450 na deni linakwisha kwa takriban miaka 17. Miaka 3 bila ada, kama ilivyo katika vyuo vingi vya umma Ujerumani, deni linakwisha kabla hata ya miaka 10. Na aliyerudia mwaka mmoja katika kozi ya miaka 4? Gharama inapanda hadi 750 na marejesho yanagusa miaka 57. Huyo anastaafu hajamaliza.

Hapo ndipo ninapoiogopa fizikia. Masomo yake yamefungamana: ukianguka hesabu za mwaka wa pili, mekanika ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo kama atomi) huigusi, na somo lenyewe huenda linafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Sapu moja (mtihani wa marudio) inaweza kukugharimu mwaka mzima, na mwaka huo, kama tulivyoona, unakula 150, mara tatu ya ada ya mwaka.

Kwenye kipato, wastani unapotosha. Marekani, kwa mfano, karibu nusu ya wanaohitimu shahada ya kwanza ya fizikia huendelea na masomo ya juu. Huko wanaofanya uzamivu kwa kawaida husamehewa ada na kulipwa posho ya kufundisha au kutafiti, lakini mshahara kamili unasogea mbele kwa miaka mingine mitano au sita. Wanaoingia kazini hutawanyika: kompyuta, uhandisi, fedha, ualimu. Mhandisi ana bodi ya kumsajili. Mwenye shahada ya fizikia hana cheo kinachomsubiri, anauza anachoweza kufanya.

Na anaweza kufanya nini? Angalieni jaribio la pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye kamba, lile la mwaka wa kwanza. Kamba ya mita moja inakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Anayepima mzunguko mmoja, kosa la kidole chake kwenye saa linaharibu jibu zima. Anayepima mizunguko 20 kisha akagawanya, amelipunguza kosa hilo mara 20. Akiandika programu ndogo ya kuchora mstari unaofuata vipimo vyake na kukadiria kosa lililobaki, tayari ana ujuzi ambao kampuni ya bima au ya mitambo inaulipia. Mwenzake aliyenakili ripoti ya maabara anatoka na cheti kilekile, na kwenye usahili hana la kuonyesha.

Kwa hiyo msimamo wangu: fizikia inalipa kwa anayemaliza kwa wakati na kutoka na ujuzi wa pili mkononi, uwe programu, elektroniki au takwimu. Anayetaka kujenga madaraja aende uhandisi, sina ubishi naye. Lakini vyuo navyo vitangaze, kozi kwa kozi, wangapi hurudia mwaka na wahitimu wako wapi baada ya miaka mitano, ili anayechagua asibahatishe.

Mnaosema ni kuteketeza ada, nipeni hesabu yenu: mmeweka miaka mingapi, na riba kiasi gani?